Mikono ya Anti Gadija

Boriti ya pili ilifunguka kama kitabu. Nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya kioo cha usalama katika ukumbi wa majaribio wa chuo kikuu, mikono nimeifumbata kifuani, na ile mashine yao ya kuvunjia vitu ilikuwa haijafika hata nusu ya mzigo tuliouahidi. Boriti ikalia pa, mlio mdogo wa aibu, na maganda mawili ya nyuzi nyeusi tuliyoyagundisha kwa wiki nzima yakaachana. Profesa Naidu akaingia, akapitisha kidole pale palipoachana, akatuonyesha. Palikuwa laini. Gundi iliyoshika sawasawa, ukiing'oa, hutoka na nyama: huchana nyuzi, huacha manyoya. Hii ilikuwa imebanduka safi kama stika kwenye kioo.

"Uchafu," akasema. "Kuna kitu kimeingia katikati. Na hakikuingilia huku kwetu."

Nilitamani kumwambia mahali pa kukipeleka kidole chake, lakini bosi wangu alikuwa pembeni, basi nikaangalia viatu.

Naitwa Riedwaan Samsodien, mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha boti cha Lourens, hapo Paarden Eiland, mtaa wa viwanda kando ya bandari. Boriti ninayoisema ni uti wa bawa. Bawa hukaa chini ya boti ya uokoaji, na boti ikishika kasi, bawa huiinua juu ya mawimbi ili isipige matumbo ya waliomo. Chuo kilibuni gundi na namna ya kupanga nyuzi za kaboni. Kazi yetu sisi ilikuwa kuitoa boriti hiyo maabara, ambako ilikuwa na ukubwa wa sinia, na kuifanya ndefu kuliko gari. Mfuko wa serikali ulilipia pande zote mbili, na ulisema wazi tangu mwanzo: boriti tatu. Ikishindwa ya tatu, basi. Na bosi Lourens hakuzunguka maneno, alisema mfuko ukifungwa, karakana ya kaboni inafungwa pia.

Karakana hiyo niliijaza mimi. Nilipita kwenye viwanda vya fibaglasi kuanzia Salt River mpaka Atlantis, nikawatoa watu kwenye kazi zao za vumbi lakini za uhakika, nikiwaapia kwamba huku kwenye kaboni ndiko maisha yaliko. Watu wananiamini, wengine nimeswali nao tangu utotoni. Sasa nilikuwa nalala na kuamka na jambo moja kichwani: boriti ya tatu isiachane. Nilikuwa nikila chakula sikijui ladha yake. Mke wangu aliniuliza kama kuna mwanamke mwingine, nikamwambia yupo, mweusi, mwembamba, mrefu kuliko gari.

Katikati ya chuo na kiwanda alikuwapo Daktari Zukiswa Hlathi. Binti wa Gugulethu, mwenye shahada zote zinazopatikana, na mshahara wake ulitoka kwenye huo huo mfuko. Kazi yake ilikuwa kutufundisha sisi mambo ya chuo, na kukifundisha chuo mambo yetu. Chuoni walimwita mtu wa kiwandani, kiwandani tulimwita mtu wa chuo, na pande zote mbili zikiwa na hasira zilimpigia simu yeye. Lakini alikuwa mtu. Siku ya kwanza alivaa ovaroli, akaingia chumba safi, kile cha kugundishia kisichotakiwa vumbi wala mafuta, akashika kazi. Hakusimama mlangoni na kalamu kama wale wengine walioletwa kabla yake.

Na siku hiyo ya kwanza ndipo alipoiona mikono ya Anti Gadija.

Gadija Adonis ndiye mgundishaji wetu. Gundi ile ya chuo huanza kukaza mapema, na boriti ni ndefu, kwa hiyo lazima uipake upesi, kwa unene mmoja, kisha ulilaze ganda la juu bila kulirudia. Nimewaona wanaume wenye vifua wakiijaribu kazi hiyo na kuishia kulia. Anti Gadija huifanya huku akisema mabaya ya majirani zake wa Bonteheuwel. Lakini asetoni tunayofutia kila kitu imeila mikono yake kwa miaka. Viganja vimepasuka kama tope la kiangazi, na siku hiyo alipovua glavu ndani yake mlikuwa na damu.

"Anti, hii ni nini?" Dokta akauliza.

"Ni mikono, Dokta. Kwenu chuo hawana?"

Watu wakacheka. Dokta hakucheka. Jumatatu iliyofuata alikuja na mtungi mkubwa wa krimu ya mikono, wa bei, ule wa duka la dawa, akauweka juu ya meza pale penye masanduku ya glavu. Akasema ni wa wote, lakini sote tulijua ni wa nani. Anti Gadija aliufungua, akaunusa, akaanza kujipaka pale pale. Baadaye aliniambia kwamba katika miaka yote ya kujenga boti hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu mikono yake, si bosi, si chama cha wafanyakazi, wala marehemu mumewe.

Narudi kwenye boriti. Baada ya ile ya pili kuachana, vita vikaanza. Profesa alisema ni ufundi wetu mbovu. Bosi alisema ni gundi yao mbovu. Maabara wakachukua gundi ile ile na nyuzi zile zile, wanafunzi wakagundisha vipande vidogo, vyote vikashika. Dokta akaja akagundisha vipande kwa mkono wake hapa hapa kwetu, mezani petu, na vyenyewe vikashika. Tukakagua tanuri, tukapima unyevu, tukafunga madirisha kwa sababu ya upepo wa kusini-mashariki unaoleta vumbi la bandarini. Tulitafuta silikoni, yale mafuta ya utelezi yaliyomo kwenye dawa za kung'arishia, maana silikoni ndiyo shetani wa kazi hii. Tone moja likipita juu ya kaboni, gundi haishiki tena, na jicho halioni kitu. Mlangoni pana bango kubwa la kuikataza, na mlinzi hupekua mifuko kutafuta makopo ya kung'arishia magari. Hatukukuta hata moja.

Kwa hiyo, kwa hesabu ya mtu yeyote mwenye akili, palibaki kitu kimoja kilichokuwa kwenye boriti zilizovunjika na hakikuwa kwenye vipande vilivyoshika. Anti Gadija.

Bosi aliniita ofisini wakati boriti ya tatu ilikuwa imeshagundishwa na iko ndani ya tanuri ikikomaa.

"Riedwaan, sikiliza. Kesho ikishika, tumshukuru Mungu. Isiposhika, nitawaambia ni yule mama. Nitasema nimeshamwondoa, nimepata mwingine, nipeni boriti moja zaidi. Mtu anabadilishwa. Kiwanda hakibadilishwi."

"Bosi, yule mama ndiye fundi bora uliye naye."

"Mbona basi zake zinaachana?"

Nikageukia dirisha, nikatazama kule kwenye tanuri.

"Watakuuliza wewe, mkaguzi," akasema. "Utasema ndiyo. Una watu wangapi pale ndani uliowaleta mwenyewe? Basi chagua."

Nilitoka pale. Nilijiambia labda itashika. Nilijiambia hivyo kwa sauti, nikipita kati ya maganda ya boti, na mpaka rangi mmoja akaniuliza naongea na nani.

Alasiri ikaingia. Bomba letu la kutilia udhu liko nyuma ya stoo, karibu na mapipa ya taka. Tunapokezana. Anti Gadija alikuwa ametangulia, na alikuwa bado yuko kwenye mikono, anaisugua kwa sabuni ya mche na brashi ya kufulia, na mimi nimesimama nyuma yake na kandambili, moyo mzito, namwangalia mwanamke ambaye kesho ningemuuza.

"Anti, unatia udhu au unafua?"

"We subiri zamu yako, Boeta Riedwaan, kaka yangu. Ni hii krimu ya Dokta. Kwa ngozi, maashallah, sasa naweza hata kukunja ngumi nikampiga mtu. Lakini kwa udhu ni mtihani. Maji hayashiki. Hebu tazama."

Akaacha kusugua mkono mmoja, akauweka chini ya bomba. Maji yakajikusanya matone matone juu ya ngozi yake, yakakimbia, yakaanguka, na mkono ukabaki mkavu.

"Unaona? Lazima niitoe yote kwanza. La sivyo ni swala ya mashaka, na mimi nina mashaka ya kutosha."

Nilibaki nimeshika ukuta. Nieleze kwa nini. Kabla ya kugundisha, sisi hunyunyizia ganda maji. Maji yakilala kama shuka, ganda ni safi. Yakijikusanya matone, kuna mafuta au silikoni, na kazi inasimama. Mimi ndiye ninayesimamia kipimo hicho. Maganda ya boriti zote tatu nilikuwa nimeyanyunyizia mwenyewe, na maji yalilala. Kisha ndipo Anti Gadija alipopaka krimu kidogo kutuliza michubuko, akachukua glavu kutoka sandukuni, akazivaa, akaingia kazini. Mikono ilikuwa ndani ya glavu. Nani angeiwazia mikono iliyo ndani ya glavu?

Sikuswali wakati ule. Nilimfuata Dokta Zukiswa mezani kwake, nikamwambia aje na Anti Gadija chumba safi, na asiniulize kitu njiani.

"Anti," nikasema, "paka krimu kama kawaida yako. Vaa glavu kama kawaida yako. Halafu shika hiki kipande."

"Mmeanza mchezo gani?"

"Fanya tu, kanala, tafadhali."

Alipaka. Akachomoa glavu, akaivuta mkononi, na katika kuivuta akaishika kwa vidole vya mkono wa pili, vidole vyenye krimu, pale pale kwenye ncha za vidole vya glavu. Wote huvaa hivyo. Mimi pia huvaa hivyo. Akakishika kipande, akakirudisha mezani. Jicho halikuona kitu. Nikanyunyizia maji. Yalilala juu ya kaboni kama shuka, isipokuwa sehemu tano, ambapo yalijikunja na kukimbia. Vidole vinne na gumba.

Maabara, wanafunzi hawapaki krimu kwa sababu ngozi zao ni nzima. Dokta mwenyewe hapaki, alikuwa ameinunua kwa ajili ya mwenziwe. Chuoni hakuna mikono inayopasuka, kwa hiyo chuoni gundi ilishika.

Dokta Zukiswa aliuchukua mtungi ule, akauangalia kana kwamba haujui, akauweka tena. Kisha akakaa sakafuni. Hakutafuta kiti.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

Nitasema kweli. Nilidhani anataka kuuficha mtungi ule na kumwacha mama wa watu abebe lawama. Na nusu yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa inamwombea afanye hivyo.

"Sisi watatu," nikamjibu.

"Bosi?"

"Bosi ana mpango wake." Nikawaeleza mpango wa bosi, wote, huku Anti Gadija amesimama na glavu mikononi.

Nilitegemea atatukana. Anajua kutukana kwa lugha tatu. Lakini alivua glavu polepole, akazitupa, akamwendea Dokta pale chini, akapiga goti kwa shida kwa sababu ya mguu wake unaomuuma.

"Mwanangu, usilie. Ulifanya wema, umeenda kombo. Hujaua mtu."

"Nimewaua wote, Anti. Ni mimi niliyeileta. Ningesoma tu maandishi ya mtungi. Ningeinyunyizia maji mara moja tu. Hii ndiyo kazi niliyosomea."

"Basi sikilizeni," Anti Gadija akasema, na sasa alikuwa ananiangalia mimi. "Semeni ni mimi. Kesho ikiachana, Boeta, we sema ndiyo, ni yule mama, mikono yake imezeeka. Watapewa nafasi nyingine, mtatupa huu mtungi, itashika, na vijana watabaki kazini. Mimi binti yangu ana kazi, nitakula kwake. Atanisumbua, lakini nitakula."

Nilitaka kusema sawa. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Niliwaona Ludwe na mkewe mjamzito, niliwaona akina Fortuin wawili, baba na mwana, wote niliowatoa kwenye vumbi la uhakika. Ulimi ulikuwa mzito tu kwa sababu alikuwa ananiangalia.

"Hapana," Dokta akasema kutoka sakafuni.

"Dokta, hebu tufikiri," nikasema. "Tunaweza kutoboa boriti, tukapitisha bolti. Mafundi wa boti tumefanya hivyo tangu zamani. Itashika kesho, halafu..."

"Bolti inakata nyuzi, Boeta. Na wanapima gundi, si bolti. Halafu hiyo boriti itaenda chini ya boti, na boti itaenda baharini kuokoa watu usiku wa dhoruba. Wewe ungempandisha mwanao?"

Nina mtoto wa kiume, na ni mjinga kiasi cha kujitolea kwenye boti kama hizo.

Tulimwambia bosi asubuhi, kabla hatujaipakia boriti. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye mlango wa gari. Akamgeukia Dokta.

"Hujaniambia kitu," akasema. "Umesikia? Labda itashika. Krimu kidogo, vidole vichache. Funga mdomo, tuombe Mungu, tukaone."

Na mimi niliomba. Njia nzima nimekaa nyuma ya lori na boriti imefungwa kwa mablanketi kama mgonjwa, naomba krimu iwe ndogo. Nilijua ni upuuzi, maana nilikuwa nimeiona kwa macho, na bado niliomba.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mama Motaung wa mfuko alikuwa ametoka Pretoria kwa ndege ya alfajiri, mwanamke mpole mwenye miwani. Walikuwapo manahodha wawili wa uokoaji, na Profesa Naidu na wanafunzi wake, na samosa kwenye trei ambazo hakuna aliyezigusa. Boriti ikafungwa mashinani. Fundi wa mashine akainua mkono kuuliza kama aanze.

Dokta Zukiswa akapita chini ya utepe. Mfukoni alikuwa na chaki nyekundu. Akamwita Anti Gadija, ambaye bosi alikuwa amemleta ili aonekane kabla ya kulaumiwa, akamuuliza mbele ya watu wote: ukiweka ganda la juu, unalishika wapi kwanza? Anti Gadija akaonyesha. Halafu wapi? Akaonyesha. Dokta akapiga duara la chaki kila mahali. Sisi tulikuwa tumeshajua, lakini sasa maduara yale yalitembea juu ya boriti nyeusi mbele ya watu wote.

"Itaachana hapa kwanza," Dokta akasema, "halafu hapa. Mama huyu hana kosa. Anafanya kazi bora kuliko mtu yeyote niliyemwona. Mimi ndiye niliyeleta mtungi wa krimu yenye silikoni, nikauweka mezani ndani ya chumba safi. Nilimletea kwa sababu mikono yake ilikuwa inatoka damu, na sikufikiri. Tafadhali anza."

Bosi alifumba macho. Fundi akabonyeza.

Mzigo ulipanda. Ulipita pale ilipoachana ya kwanza. Ulipita pale ilipoachana ya pili, na moyo wangu, mjinga huyu, ukaruka, nikamshika Anti Gadija mkono nikaubana. Simama, nikasema. Simama, mpenzi, simama tu. Kisha pa, kwenye duara la kwanza. Pa, kwenye la pili. Ufa ukakimbia kutoka duara hadi duara kwa mpangilio ule ule aliouonyesha, na maganda yakaachana.

Wanafunzi walipiga makofi. Naapa. Hawakuwa na ubaya, ni vijana, walikuwa wameona mtu anabashiri mvunjiko na unafuata chaki. Profesa Naidu alikuwa ameng'aa uso. Alimshika Dokta mabega.

"Unajua umefanya nini? Hakuna aliyewahi kuonyesha hili kwa boriti nzima. Hii ni makala, Zukiswa. Ni zaidi ya makala. Naweza kuombea fedha za miaka mitatu kwa hili peke yake."

"Na karakana?" Dokta akauliza.

Profesa akageuka kumtazama Mama Motaung, kwa kuwa hilo halikuwa lake.

Mama Motaung alivua miwani, akaifuta. Alisema kwa upole, na kwa upole ule nilijua tumekwisha. "Nakushukuru kwa ukweli. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi na huwa siambiwi. Lakini masharti yalikuwa boriti tatu. Na hawa mabwana," akawaonyesha manahodha, "wameniuliza swali ambalo siwezi kulijibu. Kama mtungi mzima umekaa mezani miezi yote hii na hakuna aliyeuona, kuna nini kingine hakijaonekana?"

Mmoja wa manahodha aliangalia chini. Alikuwa na haya, lakini hakuliondoa swali lake. Na mimi kama mkaguzi ningesemaje? Mtungi ulikuwa unapita mbele ya macho yangu kila siku. Nimeshausogeza mara nyingi ili nipate mahali pa kuweka daftari langu la ukaguzi.

Bosi alitoka bila kuaga. Wenzetu wa chuo walianza kupima mvunjiko, kupiga picha, kubishana kwa furaha. Kwao boriti ile ilikuwa imetoa jibu, na walikuwa wanastahili kufurahi. Kwetu ilikuwa imevunjika. Niliwaangalia wakizunguka maiti yangu na vipimo vyao, na nilitamani kulia kwa sauti kama mtoto, lakini nilikula samosa mbili kwa sababu mikono ilihitaji kitu cha kufanya.

Karakana ya kaboni ilifungwa mwisho wa mwezi ule. Ludwe alirudi fibaglasi kwa mshahara wa chini. Fortuin baba hakupata, mwana alipata. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kama nilivyokwenda mwanzo, safari hii bila ahadi, na hakuna aliyenitukana, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Dokta Zukiswa alikataa kuandika makala mpaka jina la Gadija Adonis liwekwe pale juu, kando ya lake. Profesa alikubali. Anti Gadija aliletewa nakala, akaniuliza kama inalika.

Siku ya mwisho tulikuwa tunafungasha. Chumba safi kilikuwa kimefunguliwa milango yote, na upepo ulikuwa unaingiza vumbi na hakuna aliyeukataza. Dokta alikuja kuaga. Alisimama mlangoni, hakuingia, macho yamevimba. Anti Gadija alikuwa anakusanya vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki: kikombe, mswala, kandambili. Akafika kwenye meza ya glavu. Mtungi ulikuwa bado upo pale pale, umebaki nusu, maana hakuna aliyethubutu kuugusa wala kuutupa.

"Anti, uache huo," Dokta akasema. "Nakuomba. Nitautupa mimi."

"Utupe nini? Krimu nzuri namna hii?"

Akaufungua. Akachota, si kidogo kama zamani, akachota kwa vidole vinne, akajipaka mpaka kwenye viwiko, taratibu, kila ufa, kila kiganja, huku akimtazama yule binti usoni.

"Leo sina cha kugundisha," akasema. "Njoo hapa unipake mgongoni mwa mikono, sifiki vizuri," akadanganya.

Dokta Zukiswa akaingia akampaka.